Mama wa Plaza de Mayo na Mfarakano wa Mwaka wa 1986

Vyama vya watu ni vya namna nyingi. Chama cha ushirika huunganisha wakulima kwa sababu ya bei ya mazao yao. Chama cha wafanyakazi huunganisha vibarua na makarani kwa sababu ya mshahara. Na chama cha siasa huunganisha watu kwa sababu ya madaraka au itikadi. Katika vyama hivyo mtu akichukizwa na viongozi huweza kurudisha kadi yake, akachukua hisa zake akaenda zake, na maisha yake yasibadilike sana. Lakini kuna chama cha namna nyingine, ambacho kiingilio chake ni msiba. Mwanachama wake huingia kwa kuwa amefikwa na jambo asilolitaka, na jambo hilo haliwezi kurudishwa pamoja na kadi. Mtu wa chama cha namna hii akikosana na wakuu wake, swali zito humkabili: akitoka, huondoka na nini, na huacha nini nyuma yake?

Swali hili lilijibiwa kwa vitendo katika nchi ya Argentina mnamo Januari 1986, wakati baadhi ya wanawake waliokuwa wakitafuta watoto wao waliopotezwa na utawala wa kijeshi walipokiacha chama walichokuwa wamekijenga kwa mikono yao. Watu wengi wameyachukua mambo yale kuwa ugomvi wa wanawake wachache juu ya kiti cha mbele. Ugomvi juu ya uongozi ulikuwapo, wala hapana haja ya kuuficha. Lakini chini yake lilikuwapo jambo kubwa zaidi, nalo ni kujua msiba ni mali ya nani: ni wa mtu aliyefikwa nao, au ni wa wote waliokusanyika kwa ajili yake?

Tarehe 24 Machi 1976 wakuu wa majeshi matatu ya Argentina walimwondoa madarakani Rais Isabel Perón, wakatawala kwa baraza lililoongozwa kwanza na Jenerali Jorge Rafael Videla. Utawala ule haukuwa na desturi ya kuwashtaki wapinzani wake mbele ya mahakimu. Uliwachukua usiku kutoka majumbani, viwandani na vyuoni, mara nyingi kwa motokaa za Ford Falcon zisizokuwa na namba. Ukawafungia katika mahabusi ya siri, ukawatesa, na wengi ukawaua na kuificha miili yao. Mahabusi iliyojulikana zaidi ilikuwa katika Chuo cha Ufundi cha Jeshi la Wanamaji, ndani ya mji mkuu wa Buenos Aires. Kutoka hapo wafungwa waliolevywa kwa dawa walipakiwa katika ndege, wakatupwa baharini wangali hai. Tume iliyochunguza mambo hayo baadaye iliandika habari za watu 8,960. Vyama vya haki za binadamu vimeshika hesabu ya watu 30,000.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili ya kueleza mkasa wa namna hii. Mtu aliyepotea huenda amekosa njia mwenyewe. Mtu aliyepotezwa yuko mwingine aliyemtenda hayo. Watawala wa Argentina walitaka dunia iamini neno la kwanza. Mzazi aliyekwenda kituo cha polisi kumuulizia mwanawe aliambiwa kwamba hakuna habari zake, kwamba labda amekimbilia nchi za nje, au amekwenda na mchumba wake. Wazazi walizunguka kutoka wizara hata wizara, kutoka kambi hata kanisa, na kila mlango uliwajibu vile vile. Katika kungoja huko ndipo wanawake walipoanza kutambuana kwa sura.

Mmoja wao alikuwa Azucena Villaflor de De Vincenti, mwanamke wa ukoo wa wafanyakazi wa Avellaneda, ambaye mwanawe Néstor alikuwa amechukuliwa pamoja na mchumba wake. Siku moja, akiwa katika chumba cha kungojea cha makasisi wa jeshi la wanamaji, aliwaambia wenzake kwamba kungoja mmoja mmoja hakutawafikisha popote, na kwamba yafaa waende wote pamoja katika uwanja ulio mbele ya Ikulu. Basi siku ya Jumamosi, tarehe 30 Aprili 1977, wanawake 14 walikutana Plaza de Mayo. Baadaye waliichagua siku ya Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, ili watu wa maofisini wawaone. Polisi waliwaambia kwamba mikusanyiko imekatazwa, wasisimame, watembee. Wakatembea, wawili wawili, wakiuzunguka mnara ulio katikati ya uwanja. Na matembezi hayo, yaliyozaliwa kwa amri ya polisi, yakawa ndiyo alama yao duniani.

Inafaa kukumbuka kwamba chama hiki chenyewe kilizaliwa kwa kutoka. Vilikuwapo vyama vingine vya kutetea haki, vyenye mawakili na maaskofu na watu wenye majina, na Mama wengi walikuwa wamekwisha kwenda huko. Huko walipokewa vyema, habari zao zikaandikwa katika mafaili, lakini walijiona wangali wanakaa upande wa pili wa meza. Katika uwanja hapakuwa na meza. Kila mwanamke alikuwa mfiwa mbele ya mfiwa mwenzake, na hakuhitaji kueleza sana ili aeleweke, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba walioondoka mwaka 1986 walivunja desturi ya chama hana budi kukumbuka kwamba kuondoka kulikuwa sehemu ya desturi yenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1977 akina Mama walijiunga na safari ya mahujaji wa Kikatoliki iendayo Luján. Ili watambuane katika umati, kila mmoja alijifunga kichwani nepi nyeupe ya mtoto. Kutoka hapo kilitokea kile kitambaa cheupe, na wengi walidarizi juu yake jina la mwana na tarehe aliyochukuliwa. Kitambaa kile kilikuwa ushahidi wa mambo mawili kwa wakati mmoja: rangi yake ilikuwa ya wote, na jina lake lilikuwa la mmoja. Kwa miaka kadhaa mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila ya kugombana.

Jeshi halikuchelewa kuwajibu. Afisa kijana wa jeshi la wanamaji, Alfredo Astiz, alijiingiza miongoni mwao kwa jina la uwongo, akijidai kuwa ana ndugu aliyepotezwa. Kati ya tarehe 8 na 10 Desemba 1977 watu 12 waliokuwa wakikutana katika kanisa la Santa Cruz walikamatwa. Miongoni mwao walikuwa watawa wawili wa Kifaransa, Alice Domon na Léonie Duquet, na Mama watatu: Esther Ballestrino de Careaga, María Ponce de Bianco, na Azucena mwenyewe, aliyechukuliwa karibu na nyumba yake siku ile ile gazeti la La Nación lilipochapa tangazo la majina ya waliopotezwa. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi.

Habari za Esther zina fundisho lake. Binti yake Ana María, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alikuwa amekwisha kuachiliwa na kupelekwa Sweden. Msiba wake, kwa hesabu ya kawaida, ulikuwa umekwisha, naye alikuwa na ruhusa ya kila namna ya kukaa na mwanawe katika amani. Lakini alirudi Argentina, akarudi na uwanjani, akiwaambia wenzake kwamba ataendelea mpaka wapatikane watoto wote. Hapa lilionekana kwa mara ya kwanza lile wazo ambalo baadaye lingewagawanya wenzake: kwamba mama wa mmoja aweza kuwa mama wa wote.

Baada ya Azucena kutoweka, chama kilikuwa karibu kufa. Aliyekishika kisianguke ni Hebe Pastor de Bonafini. Alizaliwa mwaka 1928 huko Ensenada, karibu na mji wa La Plata, akasoma shule ya msingi tu, na kabla ya msiba alikuwa mke wa nyumbani asiyejua siasa. Mwanawe wa kwanza, Jorge, alichukuliwa Februari 1977, wa pili, Raúl, Desemba mwaka ule ule, na mke wa Jorge mwaka 1978. Chama kilipoandikwa kwa taratibu za sheria tarehe 22 Agosti 1979, Hebe alikuwa rais wake, na María Adela Gard de Antokoletz, mama wa wakili Daniel Antokoletz aliyechukuliwa Novemba 1976, akawa makamu wake. Pamoja nao alikuwapo Renée Epelbaum, aliyepokonywa watoto wake wote watatu, na Nora Cortiñas, ambaye mwanawe Gustavo alichukuliwa tarehe 15 Aprili 1977, siku 15 tu kabla ya mkutano ule wa kwanza.

Sifa za Hebe katika miaka ile hazikanushiki. Alisema mbele ya askari maneno ambayo mawakili waliogopa kuyaandika. Hakuhongeka kwa heshima wala hakunyamaza kwa vitisho. Utawala wa kijeshi ulipotangaza tarehe 28 Aprili 1983 kwamba wote wasioonekana wahesabiwe kuwa wamekufa, chama kilikuwa tayari na jibu lake: walichukuliwa wakiwa hai, warudishwe wakiwa hai. Jibu hilo halikuwa matumaini ya kitoto. Lilikuwa hoja ya sheria na ya akili: anayesema kwamba mtu amekufa na aseme pia nani amemuua, wapi, na kwa amri ya nani.

Adui akiwa mmoja na mlango wa kubisha ukiwa mmoja, hitilafu hujificha. Tarehe 10 Desemba 1983 jeshi liliondoka na Rais Raúl Alfonsín, aliyechaguliwa na watu, akaingia Ikulu. Kuanzia hapo palikuwa na milango mingi: tume, bunge, mahakama, wataalamu, na baadaye fedha. Katika kila mlango ilibidi chama kiamue kama kitaingia au kitabaki nje. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba akina Mama, waliokuwa na msiba mmoja, hawakuwa na shauri moja.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa juu ya Serikali mpya. Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya mwandishi Ernesto Sabato. Chama kilitaka tume ya Bunge yenye nguvu ya kuwaita maafisa kwa lazima, kikakataa kuiunga mkono ile ya Rais. Lakini wengine ndani yake waliona kwamba Serikali iliyochaguliwa, hata ikiwa na woga, si sawa na ile iliyowaua watoto wao, na kwamba ushahidi utolewe mahali popote panapopokea ushahidi. Tume ilitoa taarifa yake Septemba 1984. Mwaka 1985 majenerali na maamirali tisa walishtakiwa hadharani, zaidi ya mashahidi 800 wakasikilizwa, na tarehe 9 Desemba Videla na Amirali Emilio Massera walihukumiwa kifungo cha maisha. Wanne kati ya wale tisa waliachiliwa. Kwa Mama mmoja hukumu ile ilikuwa ni mwanzo wa haki; kwa Mama mwingine ilikuwa dhihaka.

Hitilafu ya pili ilikuwa nzito zaidi, kwa maana iligusa mifupa. Mwaka 1984 alifika Argentina Clyde Snow, mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, akawafundisha wanafunzi wachache wa nchi ile namna ya kufukua makaburi yasiyo na majina na kuitambua mifupa ili iwe ushahidi mahakamani. Katika jamii nyingi za watu, msiba una hatua zake. Pwani ya Afrika ya Mashariki maiti huoshwa, huzikwa, matanga hukaliwa, kisha matanga huondolewa na watu hurudi katika kazi zao. Mzazi wa aliyepotezwa huzuiliwa katika hatua ya kwanza kwa miaka na miaka. Hana maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru. Mama waliokubali ufukuzi walitaka hatua hizo ziendelee. Hebe na wenzake walikataa. Waliona kwamba Serikali itampa kila mama sanduku la mifupa, kila mama ataenda kulia nyumbani kwake, faili litafungwa, na muuaji atabaki barabarani. Walisema kwamba mifupa bila ya muuaji ni njia ya kuugeuza uhalifu uwe mazishi.

Hitilafu ya tatu ilikuwa juu ya jina lililo juu ya kitambaa. Upande wa Hebe ulifikia kuona kwamba kila Mama ni mama wa wote waliopotezwa. Kwa hiyo si haki mama mwenye picha ya mwanawe aonekane, na yule maskini asiye na picha asionekane. Majina ya mmoja mmoja yaliondolewa katika vitambaa, picha zikawekwa kando, na mahali pake pakawekwa lile dai la wote. Wazo hili lina utukufu ndani yake, na lafanana na tendo la Esther. Lakini kuna tofauti moja. Esther alijitwisha watoto wa wengine kwa hiari yake mwenyewe. Mama aliyeambiwa na chama afute jina la mwanawe alitakiwa kutoa kile ambacho jeshi lilikuwa limeshindwa kumnyang'anya. Wauaji walikuwa wamemnyima mwanawe kesi, kaburi na tarehe ya kufa. Kilichobaki kilikuwa jina.

Juu ya hitilafu hizi tatu palikaa ya nne, ambayo ndiyo iliyoufungua mlango wa kutokea: namna ya kuamua. Waliopinga walilalamika kwamba maneno ya rais wa chama yamekuwa maneno ya chama kabla ya kushauriana, na kwamba mwenye shauri jingine anahesabiwa kuwa amelegea au ametekwa na Serikali. Waliomtetea walijibu kwamba chama chenye sauti mbili ni rahisi kununuliwa, na kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Pande zote mbili zilikuwa na sababu. Tena palikuwa na tofauti ya malezi: Hebe alijivunia asili yake ya watu wa kazi, na baadhi ya waliompinga walikuwa wanawake wa tabaka la kati wenye elimu. Tofauti hiyo, ambayo katika miaka ya hatari haikuonekana chini ya kitambaa kimoja, sasa ilipewa maneno.

Mnamo Januari 1986 ulifika wakati wa kuchagua viongozi. Wapinzani walitambua kwamba uchaguzi hautabadili njia ya chama. Wakatoka. Walikuwa wachache kwa hesabu, lakini miongoni mwao walikuwamo wengi wa miaka ya kwanza: María Adela Gard de Antokoletz, Renée Epelbaum, Nora Cortiñas na wengine. Walijiita Mama wa Plaza de Mayo, Línea Fundadora, maana yake Njia ya Waanzilishi. Wengi wa wanachama walibaki na Hebe katika chama kilichoandikwa kwa sheria.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la lile swali la mwanzo. Walioondoka waliacha ofisi, gazeti la chama, muhuri, na jina lililokuwa limekwisha kujulikana duniani. Walichoondoka nacho kilikuwa vitu vitatu: kitambaa chenye jina la mwana, ile siku ya Alhamisi, na uwanja. Hawakutafuta uwanja mwingine wala saa nyingine. Waliendelea kuja Plaza de Mayo saa tisa na nusu, wakauzunguka mnara ule ule katika duara lile lile, kundi moja likiwa mbali kidogo na jingine. Mgeni aliyewatazama kutoka mbali aliona vitambaa vyeupe tu, akadhani ni kundi moja. Na pengine mgeni huyo hakukosea sana.

Hasara ilikuwapo. Mwaka ule ule wa mfarakano, tarehe 24 Desemba, ilipita sheria iliyoweka kikomo cha siku 60 cha kufungua mashtaka mapya. Na Juni 1987, baada ya maasi ya wanajeshi siku za Pasaka, ikapita nyingine iliyowasamehe maafisa wa chini kwa hoja kwamba walitii amri. Rais Carlos Menem akawasamehe waliobaki katika miaka ya 1989 na 1990, na Videla akatoka gerezani. Haiwezi kusemwa kwamba mfarakano ndio uliozaa sheria hizo. Zilizaliwa na hofu ya bunduki. Lakini wakati zilipopita, wale waliopaswa kuzipinga kwa sauti moja walikuwa na sauti mbili, na kila upande ulipoteza nguvu fulani katika kuutazama upande wa pili. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu: methali hii haikukosa kutimia.

Hata hivyo miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kila upande ulikuwa umebeba sehemu ya ukweli ambayo upande wa pili usingeweza kuibeba. Hebe aliogopa kwamba Serikali itawafungia watu mafaili, na kwa muda wa miaka kumi na saba hivi mambo yalikwenda kama alivyoogopa. Katika miaka hiyo ya misamaha, chama chake kilikataa kutulia, na ukaidi wake ulilizuia taifa lisisahau. Bunge la Ulaya lilikipa tuzo ya Sakharov mwaka 1992. Ilipotoka sheria ya fidia mwaka 1994, chama kilikataa kwa ukali, kikisema maisha hayana bei. Njia ya Waanzilishi iliachia kila mama aamue mwenyewe, maana walikuwamo wazee maskini na wajukuu wa kulea. Mwaka ule ule sheria nyingine ilikubali kwamba mtu aweza kuandikwa kuwa hayupo kwa sababu amepotezwa kwa nguvu, bila ya familia kulazimishwa kutamka kwamba amekufa. Hatimaye Serikali ilikuwa imelikubali lile neno la pili.

Na juu ya mifupa, yaliyotokea yalikuwa ya ajabu. Desemba 1977 bahari ilikuwa imetupa ufukoni maiti kadhaa kusini ya Buenos Aires, zikazikwa bila ya majina katika makaburi ya General Lavalle. Mwaka 2005 wale wanafunzi wa Clyde Snow, ambao sasa walikuwa mabingwa, waliitambua mifupa hiyo. Ilikuwa ya Azucena, Esther, María Ponce na wenzao wa Santa Cruz. Ilikuwa imevunjika kama ivunjikavyo mifupa ya mtu aliyeanguka kutoka juu sana. Mifupa ile haikufunga faili, ililifungua. Bunge lilikuwa limezifuta sheria za msamaha mwaka 2003, na Mahakama Kuu ikazibatilisha mwaka 2005. Astiz alihukumiwa kifungo cha maisha Oktoba 2011. Na Novemba 2017 mahakama iliwahukumu kifungo cha maisha marubani wawili wa ndege iliyowachukua Mama wale. Hofu ya Hebe kwamba mifupa itakuja bila ya muuaji ilikuwa ya haki, lakini safari hii mifupa ndiyo iliyomtaja muuaji.

Lile lalamiko la nne, la namna ya kuamua, nalo lilirudi kwa sura nyingine. Chama cha Hebe kilikua kikawa na chuo kikuu chake na mpango mkubwa wa kujenga nyumba za maskini kwa fedha za Serikali. Mwaka 2011 msimamizi wa mpango huo aliondoka, na mahakama ikaanza kuchunguza matumizi ya fedha. Lolote litakalosemwa juu ya dhamiri ya mtu mmoja mmoja, lilionekana wazi jambo ambalo walioondoka walikuwa wamelisema miaka 25 kabla yake: chama ambacho ndani yake hapana wa kumuuliza mkuu, hakimsaidii hata mkuu mwenyewe.

Katika chama cha mazao walio wengi wakishinda kwa kura, walio wachache hutii, maana kilichoamuliwa ni mali ya wote. Katika chama cha wafiwa kuna mambo ya wote, kama vile maandamano, madai, gazeti na fedha, na hayo huamuliwa kwa kura. Lakini kuna mambo ambayo kura haiyafikii: kama mama atazika au hatazika, atapokea fidia au ataikataa, ataliandika jina la mwanawe au atalifuta. Kiongozi anayeyaingiza mambo haya ya pili katika yale ya kwanza, hata akiwa shujaa, huwalazimisha watu waaminifu kuchagua kati ya chama na maiti wao, na chama hakiwezi kushinda katika uchaguzi huo. Naye mwanachama anayetoka, kama hana lengo jingine, hupimwa kwa kitu kimoja tu: kama Alhamisi inayofuata ataonekana uwanjani.

Kwa kipimo hicho walioondoka hawakuanguka, na waliobaki hawakuanguka. Renée Epelbaum alifariki mwaka 1998 na María Adela mwaka 2002. Nora Cortiñas alifariki tarehe 30 Mei 2024, siku ya Alhamisi, bila ya kuiona mifupa ya Gustavo. Hebe alifariki tarehe 20 Novemba 2022, na majivu yake yaliwekwa katika Plaza de Mayo. Majivu ya Azucena yalikuwa yamekwisha kuzikwa hapo, chini ya mnara, tangu tarehe 8 Desemba 2005, na yalipatikana kwa elimu ile ile ambayo chama cha Hebe kilikuwa kimeikataa. Udongo uliowapokea wote wawili ni mmoja.